Sindano za kukonda kwa dozi ndogo: faida iko wapi, hatari iko wapi



Si zamani sana, habari za sindano za kukonda zilikuwa ni za waigizaji wa Marekani na matajiri wa Dubai. Leo zimefika kwetu. Zinazungumzwa barazani baada ya Isha, zimo kwenye makundi ya WhatsApp ya matayarisho ya harusi, na zimo ndani ya mikoba ya jamaa wanaorudi kutoka Ghuba na kalamu za dawa zilizozungushiwa barafu. Sasa umezuka mtindo mwengine: mtu hachomi dozi kamili, huchoma kidogo tu. Ukimuuliza atakwambia, "Mimi sitaki kukonda, naweka sawa metaboli yangu." Mwengine atakwambia, "Natumia robo, robo haina madhara."

Makala haya ni ya kueleza neno hilo la "robo". Nianze na jibu lenyewe ili msomaji mwenye haraka asiondoke mikono mitupu. Dawa hizi ni za kweli na zinafanya kazi. Hata dozi ndogo si maji matupu. Lakini faida kubwa tunazozisikia, za kulinda moyo na figo, zilipatikana kwa dozi maalumu, kwa wagonjwa maalumu, chini ya uangalizi. Mtu mwenye afya anayejichoma tone kila wiki hajanunua faida hizo. Na mgonjwa wa kisukari anayeipunguza dawa yake kwa sababu ya bei huenda anapoteza zaidi ya anachookoa.

Dawa yenyewe ni nini

Tunapokula, utumbo wetu hutoa homoni iitwayo GLP-1. Homoni hii huliambia kongosho litoe insulini pale sukari inapopanda, hulichelewesha tumbo lisimwage chakula haraka, na huupelekea ubongo habari kwamba tumeshiba. Ile tuliyoumbwa nayo hudumu dakika chache tu kisha huvunjika. Wataalamu walitafuta kwa miaka mingi namna ya kuifanya idumu. Mwanzo mmoja ulitoka mahali pasipotarajiwa: katika sumu ya mjusi mkubwa wa jangwa la Marekani kulipatikana kitu kinachofanana na homoni hiyo. Dawa ya kwanza iliyotokana na ugunduzi huo, exenataidi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2005.

Zinazovuma leo ni mbili. Ya kwanza ni semaglutaidi, inayouzwa kwa jina la Ozempic kwa wenye kisukari tangu mwishoni mwa 2017, na kwa jina la Wegovy kwa wenye unene uliozidi tangu 2021. Ya pili ni tirzepataidi, inayojulikana zaidi kama Mounjaro, ambayo huiga homoni mbili za utumbo kwa pamoja. Zote huchomwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki. Semaglutaidi hukaa sana mwilini: baada ya wiki moja, karibu nusu yake bado imo. Lishike hilo, tutalihitaji mbele.

Na hiyo "metaboli" ni nini? Ni namna mwili unavyokigeuza chakula kuwa nguvu na unavyoihifadhi ziada. Madaktari huipima kwa mambo matano: mzunguko wa kiuno, presha, sukari ya asubuhi kabla ya kula, na aina mbili za mafuta ya damu, yaani yale mabaya yaitwayo traigliseraidi na lehemu nzuri iitwayo HDL. Matatu kati ya hayo yakienda kombo, mtu huyo ana njia pana ya kuelekea kisukari, kiharusi na maradhi ya moyo. Sukari ya asubuhi ikifika 5.6, presha ikifika 130 kwa 85, kiuno cha mwanamke kikifika sentimita 80 na cha mwanamume 94, hizo ni taa za njano.

Kwa hiyo maneno "naweka sawa metaboli yangu" yana maana tu ikiwa unavijua vipimo vyako. Asiyepima hajui anachokiweka sawa.

Kwa nini dozi hupandishwa kwa ngazi

Ukiandikiwa Ozempic utaanza na miligramu 0.25 kwa wiki kwa muda wa wiki nne. Kisha utapanda hadi 0.5, na ikihitajika 1, hadi 2. Wegovy nayo huanzia 0.25 na kupanda hatua kwa hatua hadi 2.4. Mounjaro huanza na 2.5 na inaweza kufika 15.

Ngazi hii ina sababu moja: tumbo. Dawa hizi huleta kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo, hasa mwanzoni. Mwili ukizoeshwa taratibu, mengi hupungua. Watengenezaji wenyewe wanasema ile 0.25 ya Ozempic ni ya kuuzoesha mwili, si kiwango cha kushusha sukari. Ni kama kizingiti cha nyumba. Unakikanyaga ili uingie, hukitandikii mkeka ukalala hapo.

Sasa mtindo wa dozi ndogo unataka watu wabaki kizingitini. Mtindo huu ulikua Marekani miaka dawa hizi zilipokuwa adimu, kuanzia 2022. Maduka maalumu yaliruhusiwa kuchanganya dawa yao wenyewe, wakaiuza kwa vichupa badala ya kalamu, na mnunuzi akawa anajivutia kiasi anachotaka kwa bomba la sindano. Bei ilikuwa nafuu na maneno yalikuwa matamu: nguvu kidogo, madhara kidogo, maisha marefu. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, ilitoa onyo baada ya watu kujichoma mara tano hadi mara ishirini ya kiwango walichokusudia. Walichanganya uniti na miligramu. Mtu anadhani amechukua robo, kumbe amechukua dozi ambayo hata mgonjwa wa mwaka mzima hajaifikia. Na kwa kuwa nusu ya dawa hukaa mwilini wiki nzima, hakuna namna ya kuitoa. Kilichobaki ni kutapika, maji ya mishipa na subira.

Watu watatu, dozi ndogo tatu

Tukisema "dozi ndogo" tunawachanganya watu watatu tofauti, na kila mmoja ana hukumu yake.

Wa kwanza ni mgonjwa ambaye daktari wake amemuacha kwenye kiwango cha chini kwa sababu kinamtosha, au kwa sababu akipanda anatapika. Huyu hana neno. Ana vipimo, ana miadi, na sukari yake inafuatwa. Kuna watu ambao 0.5 huwafaa vizuri, na hakuna daktari mwenye akili atakayewalazimisha kupanda.

Wa pili ni yule anayebana matumizi. Dawa hii humla mtu maelfu ya shilingi kila mwezi, na wengi wetu tunailipa mfukoni. Basi anahesabu mibonyezo ya kalamu ili dawa ya mwezi mmoja ifike miezi mitatu, au anaruka wiki. Nia yake naifahamu, lakini hapa ndipo penye hatari, na nitalirudia jambo hili.

Wa tatu ni mtu asiye na kisukari wala unene mkubwa. Ana kilo chache za ziada baada ya uzazi au baada ya Ramadhani ya kaimati na sambusa, au amesikia tu kwamba sindano hii inazuia uzee. Yeye ndiye anayelengwa zaidi na matangazo, na yeye ndiye ambaye sayansi imemfanyia kazi kidogo zaidi.

Ushahidi unasema nini

Tuwe waadilifu: dozi ndogo hufanya kitu. Katika utafiti uliochapishwa 2018, wa watu 957 wenye unene uliozidi na wasio na kisukari, semaglutaidi ilitolewa kila siku kwa viwango mbalimbali kwa mwaka mmoja. Waliopata kiwango cha chini kabisa, ambacho kwa wiki ni kama miligramu 0.35, walipungua asilimia 6 ya uzito wao. Waliopata sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.3. Waliopata kiwango cha juu walipungua asilimia 13.8. Kwa hiyo anayesema dozi ndogo haifanyi lolote amekosea. Anayesema inafanya sawa na dozi kubwa naye amekosea.

Mounjaro ni hivyo hivyo. Katika utafiti mkubwa wa 2022 wenye watu 2,539, miligramu 5 zilileta upungufu wa asilimia 15 kwa wiki 72, na miligramu 15 zikaleta karibu asilimia 21.

Lakini uzito ni jambo moja, na moyo ni jambo jengine. Utafiti uliowafanya watu wengi waanze kuiita dawa hii dawa ya moyo ulichapishwa Novemba 2023. Walishiriki watu 17,604 wa miaka 45 na kuendelea. Wote walikuwa wazito, na wote walikuwa tayari na ugonjwa wa moyo au mishipa, kama vile kiharusi au mshtuko wa moyo. Dozi ilikuwa miligramu 2.4, kiwango cha juu. Vifo vya moyo, mishtuko na viharusi vilipungua kwa asilimia 20. Kwa wenye kisukari, utafiti wa 2016 uliotumia miligramu 0.5 na 1 ulionyesha matukio hayo yakipungua kwa asilimia 26, na ule wa figo wa 2024, kwa miligramu 1, ulionyesha madhara makubwa ya figo na vifo vya moyo vikipungua kwa asilimia 24.

Zisome habari hizi kwa makini. Washiriki walikuwa wagonjwa, si watu wazima wenye kilo tano za ziada. Na hakuna kati ya tafiti hizo kubwa za moyo na figo uliofanywa kwa robo ya kuanzia. Muuzaji anapokuuzia tone na kukutajia faida za moyo, anakuonyesha picha ya jahazi na kukuuzia kasia.

Jambo la mwisho katika ushahidi ni la kuacha. Watu walioacha semaglutaidi baada ya wiki 68 walirudisha thuluthi mbili za uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja, na presha na sukari zao zikaanza kurudi zilikotoka. Kwa hiyo anayeanza "kwa miezi mitatu tu, mpaka harusi ipite" ajue kwamba baada ya harusi uzito utarudi kumtembelea, na hautabisha hodi.

Mwenye kisukari anayepunguza dawa mwenyewe

Huyu ndiye ninayemhofia zaidi. Katika nyumba zetu kisukari si mgeni. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya Wakenya wazima walikuwa na uzito uliozidi au unene, na wanawake walikuwa mbele ya wanaume kwa mbali. Sisi wa pwani, na mahamri yetu na biriani zetu, hatuna sababu ya kujitoa katika hesabu hiyo.

Mama mwenye kisukari akipata kalamu moja kutoka kwa mwanawe aliyeko Muscat, mara nyingi hufanya mambo mawili kwa pamoja. Huichoma kidogo kidogo ili isiishe, na huacha vidonge vyake vya metformini kwa kuwa "sindano ni kali zaidi". Matokeo yake ni kwamba ameiacha dawa iliyokuwa ikimfanyia kazi kwa bei nafuu, na ameichukua nyengine kwa kiwango ambacho hakimshushii sukari ya kutosha. Njaa imepungua, anajihisi mwepesi, kwa hiyo anaamini amepona. Sukari haina kelele. Itakuja kuonekana machoni, kwenye figo, au kwenye kidonda cha mguu kisichopona.

Yuko pia wa upande wa pili: anayechanganya sindano hii na insulini au na vidonge vinavyolilazimisha kongosho kutoa insulini, kama glibenklamaidi na gliklazaidi. Huyo sukari yake inaweza kushuka ghafla akatokwa na jasho, akatetemeka, akazimia. Dozi za dawa hizo nyengine huhitaji kurekebishwa na daktari, na haliwezi kufanywa hilo na jirani wala na mwenye duka.

Mzee wetu au mama yetu akishaanza sindano, tumshike mkono kwa jambo moja: kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu. Hicho kitatuambia kama dozi inatosha.

Kalamu moja, dada wawili

Kwa sababu ya bei, kumekuwa na ushirika wa kalamu. Dada wawili wananunua moja, kila mmoja na sindano yake ya mbele, wakidhani wamejikinga. Hawajajikinga. Mtu anapojichoma, damu kidogo isiyoonekana kwa macho inaweza kurudi ndani ya kalamu. Sindano ya mbele ikibadilishwa, kilichoingia ndani kimebaki ndani. Kwa njia hiyo homa ya ini ya aina B na C, na hata virusi vya UKIMWI, vinaweza kuhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwengine. Kalamu ni kama mswaki: haiazimwi hata kwa mtu uliyezaliwa naye tumbo moja.

Liko tatizo la joto pia. Kalamu ya Ozempic isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Ikishaanza kutumika inaweza kukaa nje lakini pasipozidi nyuzi 30, na baada ya siku 56 hutupwa hata ikiwa ina dawa. Sasa fikiria Mombasa ya Februari na Machi, nyuzi 32 mchana, na stima imepotea tangu asubuhi. Fikiria pia mwenye kuinyoosha kalamu ya mwezi mmoja ifike miezi minne: miezi miwili ya mwisho anajichoma dawa iliyopitisha muda. Na yule aliyeisafirisha juu ya barafu ajue kwamba ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Halafu kuna bandia. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia iliyopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Mwaka 2023 huko Austria watu walilazwa hospitali sukari zao zikiwa zimeshuka mno, na ikashukiwa kwamba kalamu walizouziwa zilikuwa na insulini ndani. Ikiwa nchi zenye ukaguzi mkali zimeingiliwa, hatuna la kujivunia sisi tunaonunua kwa picha ya Instagram na kuletewa na bodaboda. Nunua kwenye duka la dawa lenye kibali cha Bodi ya Famasia na Sumu, kwa karatasi ya daktari, na udai risiti.

Nani asiiguse

Mwenye historia, yeye au jamaa zake wa damu, ya saratani ya tezi ya shingo ya aina inayoitwa medula, asitumie. Aliyewahi kuvimba kongosho amwambie daktari kabla ya lolote. Mwenye kisukari aliyeharibika macho apimwe macho kwanza, kwa sababu sukari ikishuka kwa kasi macho yanaweza kuzidi. Kukonda haraka huleta pia vijiwe vya nyongo. Maumivu makali ya tumbo upande wa kulia au yanayopenya mgongoni si ya kuvumiliwa nyumbani kwa tangawizi.

Dada zetu wanaotaraji kubeba mimba waache semaglutaidi miezi miwili kabla. Wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi wajue kwamba Mounjaro inaweza kuvipunguzia nguvu, hasa wiki nne za mwanzo na kila dozi inapopandishwa. Na mwenye miadi ya upasuaji amwambie daktari wa usingizi kwamba anatumia sindano hizi, kwa sababu chakula hukaa tumboni muda mrefu kuliko kawaida.

Haya yote humhusu mtumiaji wa dozi ndogo kama anavyohusika wa dozi kubwa. Udogo hupunguza kichefuchefu. Haukufanyi kuwa mtu mwengine.

Saumu na uhalali

Maswali mawili huulizwa sana. La kwanza: je, imetengenezwa kwa nguruwe? Swali hili lina asili yake, kwa sababu insulini ya zamani ilikuwa ikitolewa katika kongosho la nguruwe na ng'ombe. Semaglutaidi hutengenezwa kwa msaada wa hamira iliyobadilishwa maabara, na tirzepataidi hutengenezwa kwa kemikali. Hazitoki kwa mnyama huyo.

La pili: je, inafunguza? Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha kumi mjini Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba sindano za tiba za chini ya ngozi, za misuli na za mishipa hazivunji saumu, isipokuwa zile za kulisha mwili. Hata hivyo, kwa kuwa huchomwa mara moja kwa wiki, hakuna ugumu kuichoma usiku. Mwenye shaka amuulize shehe wake.

Jambo la tiba katika Ramadhani ni zito zaidi ya hilo. Usianze sindano wala kupandisha dozi ndani ya mwezi. Kutapika na kuharisha pamoja na kiu ya mchana mzima hukausha mwili na kuumiza figo. Anza wiki kadhaa kabla, mwili uwe umetulia, na daktari awe amezipanga upya dawa nyengine za sukari.

Kidogo ambacho kimethibitishwa

Kama lengo lako kweli ni metaboli na si picha, basi kiko "kidogo" chenye ushahidi imara. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi moja lilipewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Kundi jengine lilipewa metformini. Walioshika chakula na mwendo walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Wa metformini kwa asilimia 31.

Kwa mtu wa kilo 85, asilimia 7 ni kilo sita. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano: kutoka nyumbani baada ya Alfajiri hadi Mama Ngina, ukazunguka na kurudi kabla jua halijakuwa kali. Na tuanze na chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama vijiko sita vidogo kwa siku ikiwezekana. Vikombe viwili vya chai ya vijiko vitatu vitatu vimeimaliza, na hujala hamri hata moja. Si lazima kuacha vya kwetu. Mbaazi, pojo, kunde na samaki wa kuchoma ni vyakula ambavyo daktari yeyote angeviandika. Kinachotudhuru ni wingi wa wali, mafuta ya karai na utamu wa kila saa. Tangu chuoni tumefunzwa kutolijaza tumbo, na tunajua saumu za Jumatatu na Alhamisi. Hayo ni mambo ya ibada kwanza, lakini mwili nao hupata fungu lake.

Anayetumia sindano kwa maagizo naye hajasamehewa haya. Sehemu ya uzito unaoondoka ni misuli. Asiyekula samaki, mayai au maharagwe ya kutosha, na asiyefanya mazoezi ya nguvu, hukonda kwa kulegea. Mtu mzima akipoteza misuli, kuinuka kitini na kupanda ngazi huwa kazi.

Kabla hujachoma

Muulize daktari wako maswali haya matano, na usikubali jibu la haraka haraka. Vipimo vyangu vitano ni vipi leo? Kwa vipimo hivyo, nastahili dawa hii au metformini na mwendo vinanitosha? Tutaanza na dozi gani, na tutajuaje kwamba inatosha? Dawa zangu nyengine zibadilishwe vipi? Na nikishindwa kulipa mwezi wa nne, tutafanyaje?

Swali hilo la mwisho lisionewe haya. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi katika orodha ya dawa muhimu, kwa ajili ya wenye kisukari cha aina ya pili pamoja na ugonjwa wa moyo au figo, na unene. Hataza ya semaglutaidi nayo inamalizika mwaka 2026 katika nchi kadhaa, India ikiwa mojawapo, na kutoka huko ndiko zinakotoka dawa nyingi tunazonunua hapa. Bei ina kila sababu ya kushuka. Hapo tutahitaji viongozi wetu wa kaunti na bima ya SHA waulizwe kwa sauti: je, zitamfikia mgonjwa wa Majengo na wa Kipini anayezihitaji kweli, au zitaishia kwa mwenye pesa anayetaka kuingia katika gauni?

Mpaka hapo, mwenye kisukari ashikilie dawa zake na kliniki yake, na asipunguze dozi bila kumwambia anayemtibu. Mwenye afya apime kwanza. Na dada wawili wenye kalamu moja, mmoja wao aiwache leo, kisha wote wawili wakapime damu.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya, na awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.